San Andreas kwenye PS1 ingewezekana?

SWALI: Fundi shikamoo, niko Moshi, Majengo. Nina PS1 ya bro bado inawaka fresh tu. PS2 inapiga CD za PS1 bila shida, sasa mbona GTA San Andreas haikuletwa PS1 hata kwa kupunguza grafiki?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo ya PS2 kusoma CD za PS1 isikuchanganye, PS2 za mwanzo zina prosesa ya PS1 humohumo ndani, ukiweka CD ya zamani ndo inaendesha gemu yenyewe. Kinyume chake hakuna.

Wengi wakija hapa kibandani Ngarenaro wanadhani tatizo ni grafiki. Grafiki ungepunguza, watu wangekuwa na sura za boksi, kuta zingechezacheza kama kawaida ya PS1, tungezoea. Kinachoua ni CD. RAM, yaani memori ya kufanyia kazi, ya PS2 ni MB 32, ya PS1 ni MB 2, na San Andreas yote haienei hata kwenye hizo 32, ndo maana gemu inasoma diski muda wote unavyoendesha, mtaa wa mbele unaingia wa nyuma unafutwa. Sasa PS1 inasoma KB 300 kwa sekunde basi, kwahiyo kujaza MB 2 ni kama sekunde 7, na CJ, yule unayemchezesha, akiwa spidi 100 ndani ya sekunde 7 keshakula mita 190 na kitu, yaani kafika mtaani mtaa wenyewe bado uko njiani. Na hapo lenzi iwe nzima, sio hizi zetu mpaka ugeuze mashine kichwa chini ndo isome 😂. Alafu bado unataka redio ya kwenye gari, nayo isomwe toka CD, na lenzi ni hiyohiyo moja.

Ila kuna watu walithubutu. Driver 2 ya mwaka 2000 ilikuwa PS1 hiyohiyo, unazunguka mji, unashuka unachukua gari lingine, japo ni CD 2 na polisi wakijaa mashine inaanza kuhema.

Mimi ningepewa hiyo kazi ningeacha mji mmoja wa humo, Los Santos, peke yake, iwe usiku na ukungu muda wote ili nyumba za mbali zisichorwe, magari aina chache tena ya polepole, ndege hamna kabisa, redio iwe vipande vifupi vya kujirudia vikae kwenye memori ya sauti ambayo ni KB 512 tu. San Fierro, mji mwingine wa gemu, ingekuwa CD nyingine, ukifika darajani unabadilisha. Ungekubali kununua hiyo kitu? Mi nisingenunua.

GTA ya kwanza ya 1997 na GTA 2 ya 1999 zipo PS1 kwasababu unaangalia toka juu, mashine inachora kipande kidogo tu cha barabara, cha mbali hukioni hata kidogo. We tafuta Driver 2, ila kabla hujaiweka futa lenzi kwa pamba na spiriti, taratibu, usiikandamize.