Tauni au kondoo?

Umeuliza iwapo ni tauni ya 1348 na 1349 iliyovifuta vijiji vilivyopotea vya Uingereza, yaani vile vya zama za kati vilivyohamwa na watu wake wote. Tauni ilivipunguzia watu, lakini mara nyingi haikuvimaliza. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Wharram Percy, huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, ambako mwanahistoria Maurice Beresford, na baadaye pamoja naye mwanaakiolojia John Hurst, walichimbua mabaki kila kiangazi kuanzia 1950 hadi 1990. Kijiji hicho kilivuka tauni, kikaendelea kulima, na kaya za mwisho ziliondolewa muda mfupi baada ya 1500 ili mashamba yageuzwe malisho ya kondoo, kwa kuwa sufu ilimlipa mwenye ardhi kuliko nafaka. Kwangu mimi uchungu wa habari hii uko hapo: walionusurika maradhi walifukuzwa kwa hesabu za mapato.

Ukitaka kuyaona mabaki, nenda asubuhi na mapema au jioni, jua likiwa chini, maana kivuli ndicho kinachofichua kile ambacho adhuhuri huonekana kuwa nyasi tupu: vituta vya mstatili vinavyoonyesha zilipokuwa nyumba na viwanja vyake, na mfereji mpana uliochimbika kwa nyayo na magurudumu, ambao ndio uliokuwa barabara. Katika vijiji vingi vya aina hii utaona pia matuta marefu ya kulimia, yaliyopinda kidogo kwa sababu maksai waliovuta plau walihitaji nafasi ya kugeuka. Kule Wharram Percy, kuta za kanisa la Mtakatifu Martin bado zimesimama, bila paa.