Msimfungie tena chumbani, mpelekeni hospitali kwanza

*Shangazi, shikamoo. Tunaishi Tandika, Dar es Salaam. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 29. Alianza na koktel, yaani bangi iliyochanganywa na unga (heroini), sasa ni mwaka wa sita anatumia unga na siku hizi anajidunga. Miaka miwili hii ameongeza gongo. Asipokunywa asubuhi mikono inatetemeka, hata kikombe hakishiki. Mwaka jana tulimfungia chumbani kwa mjomba siku kumi ili aache. Usiku wa pili alianguka, akakakamaa, akatoka povu. Mama akasema ni mapepo, tukaita sheikh. Alipotoka alikaa vizuri wiki mbili, kisha siku aliyorudia tukamkuta chooni anakoroma, midomo myeusi, tukamuwahi. Sasa wajomba wamechanga fedha za kumpeleka soba hausi, nyumba ya kukaa waraibu wanaoacha, na wamepanga wakamkamate usiku. Mwenyewe anasema anataka dawa ya hospitali ya Temeke. Mama hataki kusikia, anasema methadoni ni unga wa serikali. Nifanye nini?*
*Dada Mtu, Tandika*

Marahaba, mwanangu. Nianze na usiku ule kwa mjomba, maana ndio unaoamua mengine yote.

Arosto, yaani hali ya mwili kuukosa unga, inatesa. Mwili mzima unauma, pua inatiririka, mtu anatapika, anaharisha, miguu haitulii, usingizi hauji. Huanza kati ya masaa 8 na 24 baada ya kete (kipakiti cha unga) ya mwisho, hukolea siku ya pili na ya tatu, na kufikia siku ya kumi sehemu kubwa imepita. Lakini arosto ya unga haimwangushi mtu mzima akakakamaa na kutoka povu. Pombe ndiyo inayofanya hivyo. Ubongo unaolowekwa kwenye gongo kila siku hujizoeza kufanya kazi ukiwa umekandamizwa. Ukiiondoa pombe ghafla, unabaki kama gari lisilo na breki. Kutetemeka na jasho huanza masaa machache tu baada ya kinywaji cha mwisho. Kuanguka hutokea mara nyingi ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi ya watu huchanganyikiwa kabisa: wanaona wadudu ukutani, wanaongea na wasiokuwepo, homa inapanda, moyo unakwenda mbio. Hali hiyo inaua, na aliyewahi kuanguka mara moja yuko karibu zaidi kuanguka tena. Mama yako aliona jambo la kutisha kweli, na dua iendelee, haina ugomvi na daktari. Ila mlichokiona ni pombe inayoondoka mwilini bila dawa.

Kwa hiyo, kabla ya soba hausi na kabla ya methadoni, pombe ndiyo ya kushughulikiwa kwanza, na si nyumbani. Mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa, Temeke iko karibu nanyi, uulize kitengo cha afya ya akili. Mweleze daktari mambo manne bila kupunguza: anakunywa kiasi gani kwa siku na saa ngapi alikunywa mara ya mwisho, mwaka jana alianguka siku ya pili ya kuacha, anajidunga unga, na dawa nyingine zozote anazomeza, valiamu (diazepamu) ikiwemo. Hilo la kuanguka ndilo familia huficha kwa aibu, na ndilo linalomfanya daktari amlaze badala ya kumpa vidonge arudi navyo. Wodini hupewa diazepamu au dawa ya jamii hiyo kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, mara nyingi kwa siku tano hadi saba, pamoja na vitamini B1. Hiyo vitamini msiidharau. Mnywaji wa muda mrefu asiyekula huwa ameishiwa nayo, na akitundikiwa dripu ya glukosi kabla hajaipata, ubongo unaweza kuumia moja kwa moja. Ni haki yenu kuuliza kama amepewa.

Mpaka siku ya kwenda hospitali, msimwambie aache pombe ghafla. Najua ni vigumu kuisikia kauli hii kwa mtu anayempenda, lakini kuiacha ghafla ndiko kuliko hatari. Anywe kile kiasi kinachomzuia kutetemeka, asizidishe, na ale. Diazepamu ya duka la dawa msimpe wenyewe: ikichanganyika na gongo na unga inasimamisha pumzi.

Sasa methadoni, na neno la mama. Mama hajakosea sana. Methadoni ni ya jamii moja na unga, na anayekwambia vinginevyo anakudanganya. Tofauti iko kwenye namna inavyofanya kazi. Unga unashika kwa masaa manne hadi sita, ndiyo maana mtu anazunguka mara tatu au nne kwa siku kutafuta kete, na katikati anaiba sufuria. Methadoni inanywewa, haidungwi, na dozi moja inashika siku nzima. Kwenye kipimo kinachomfaa hapati stimu wala arosto. Anaweza kubeba mizigo, kulea mtoto, kulala usiku. Tangu 2005 Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke. Leo ipo pia Itega Dodoma, Sekou Toure Mwanza, Bombo Tanga, Mbeya, na Kidongo Chekundu kule Zanzibar. Kwenye vituo vya serikali dawa hailipiwi. Anayewadai fedha ya dozi au ya kuwaruhusu kuingia, mkataeni na mmripoti.

Njia ya kuingia mara nyingi hupitia asasi za kijamii zinazofanya kazi na waraibu. Waelimishaji rika wao wanafika mpaka maskani, vijiwe vya watumiaji, na mdogo wako bila shaka anamjua mmoja. Mwambie akutajie, au nenda mwenyewe kituo cha methadoni cha Temeke asubuhi ukaulize asasi ipi inahudumia mtaa wenu. Huandikishwa, akahudhuria vikao kadhaa, kisha hupewa rufaa. Kituoni anapimwa mkojo, VVU, homa ya ini, na kuchunguzwa kifua kikuu. Huulizwa pia ndugu wa kumsimamia. Hapo ndipo wewe unapoingia. Mchakato huu unaweza kuchukua siku au wiki kadhaa, na watu wengi hupotea katikati, si kwa kukosa nia bali kwa sababu kila siku ya kusubiri ni siku ya arosto. Omba kitengo cha afya ya akili na kituo cha methadoni wawasiliane akiwa bado wodini, ili asitoke akaanza kusubiri mtaani. Mkikwama, piga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Na mwondoe hofu: kwenda kliniki si kujisalimisha polisi.

Wiki mbili za kwanza za methadoni ndizo zinazohitaji macho. Huanza na dozi ndogo, kwa kawaida miligramu 15 hadi 30, na kupandishwa polepole, kwa sababu dawa inajikusanya mwilini: dozi ileile ya jana, leo inakuwa na nguvu zaidi. Siku hizo bado atasikia arosto jioni. Atasema, "Hii dawa haifanyi kazi." Wanaokufa katika kipindi hiki wengi ni wale walioongezea kete, valiamu au gongo juu yake. Anachotakiwa kufanya ni kumwambia muuguzi kwamba dozi haifiki asubuhi ya pili, ipandishwe. Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120. Kosa la pili, na hili ni la familia, ni kumshinikiza abaki kwenye dozi ndogo "asije akaizoea". Dozi ndogo isiyomtosha ndiyo inayomrudisha maskani.

Atakunywa mbele ya muuguzi, kila siku, Jumapili na sikukuu pia. Ulizeni mapema dirisha linafungwa saa ngapi, maana kama anabeba mizigo sokoni alfajiri itabidi apange saa za kazi na za dawa zisigongane. Akifika kalewa anaweza kunyimwa dozi siku hiyo, na ni kwa usalama wake. Akikosa siku tatu mfululizo au zaidi, asitegemee kupewa dozi ileile. Itapunguzwa, kwa sababu mwili umeanza kuisahau. Kinachowatoa watu wengi kwenye tiba ni nauli. Kwenda na kurudi kila siku ni safari 60 kwa mwezi. Fedha waliyochanga wajomba igawanywe hapo kwanza, na kama mnahofia kumkabidhi taslimu, apatikane ndugu wa kumsindikiza miezi miwili ya mwanzo.

Jambo moja zaidi la kliniki, kwa kuwa kifua kikuu hakiko mbali na maskani. Akigundulika na TB, dawa iitwayo rifampisini huiondoa methadoni mwilini haraka, na ndani ya siku chache hadi wiki mbili arosto inarudi kana kwamba hajanywa kitu. Baadhi ya dawa za VVU na za kifafa hufanya hivyohivyo. Hapo mtu huacha dawa za TB ili abaki na methadoni, au hurudi kwenye unga. Suluhisho ni kupandisha dozi ya methadoni, na kuishusha tena TB ikiisha. Kadi zote mbili zionyeshwe kwenye madirisha yote mawili.

Kuhusu soba hausi. Siipingi. Wapo waliosimama kwa sababu ya nyumba hizo, hasa baada ya mwili kutulia, pale mtu anapohitaji kukaa mbali na maskani na kuwa na wenzake wanaojaribu kama yeye. Ila kumpeleka mdogo wako huko wiki hii, akiwa na gongo mwilini na historia ya kuanguka, ni kurudia chumba cha mjomba kwa kulipia. Nyingi hazina daktari usiku, na nyingi hazipokei mtu aliye kwenye methadoni. Kabla ya kutoa hata shilingi, mwende wawili mkaione mchana. Muulize msimamizi: akianguka saa nane usiku mnampeleka wapi na kwa gari gani? Dawa za VVU au TB zinaendelea? Tunaruhusiwa kumwona peke yake, bila mtu kusikiliza? Mkiona minyororo, kufuli za nje kwenye vyumba vya kulala, au wakidai malipo ya miezi yote kwa mpigo bila kurudisha akitoka, ondokeni. Na hilo la kumkamata usiku, wazuie wajomba kabisa. Mtu ambaye mwenyewe ametamka hospitali anayoitaka, akibebwa kwa nguvu kwenda kwingine, mnamvunja ile nia aliyokuwa nayo.

Yaliyotokea chooni uyaelewe vizuri. Siku kumi za chumbani na wiki mbili za baadaye bila unga ziliushusha uwezo wa mwili wake kuuhimili. Kile kipimo alichokizoea zamani kikawa cha kuua. Hatari hiyo ipo kila anapotoka wodini, soba hausi au mahabusu, na itakuwepo akiwahi kuacha methadoni ghafla. Ukimkuta tena hivyo, ukimwita haitiki, anakoroma, midomo imebadilika rangi, usimmwagie maji, usimpe maziwa, na usiruhusu mtu amdunge maji ya chumvi kama wanavyofanya vijiweni. Inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi moja mdomoni kila sekunde tano, huku mwingine akitafuta gari. Akianza kupumua mwenyewe mlaze ubavu. Hospitalini mwambieni daktari wazi kuwa ni unga, ili apewe naloksoni. Dawa hiyo huamsha kwa dakika chache, lakini nguvu yake huisha kati ya nusu saa na saa moja na nusu, na unga au methadoni bado vimo mwilini. Ndugu wengi huondoka na mgonjwa mara tu anapofumbua macho. Kaeni mpaka daktari awaruhusu.

Mama atakuuliza: ataacha lini hiyo methadoni? Mjibu kwamba si dawa ya wiki mbili. Tiba inayokaa huchukua mwaka na kuendelea, kwa wengi miaka, na anayetaka kuacha hupunguziwa kidogo kidogo kwa miezi pamoja na daktari. Mpeleke mama kituoni asubuhi moja, akae benchi akaone akina mama wengine waliowasindikiza watoto wao. Wataongea naye lugha ambayo wewe na mimi hatuwezi kumwambia.

Kesho uanze na mdogo wako mwenyewe, muda ambao ameshatuliza mikono. Mwambie umekubali Temeke, lakini pombe kwanza, na kwamba utakuwa naye dirishani siku ya kwanza. Mchukue na kadi yoyote ya hospitali aliyonayo, kitambulisho kama kipo, nguo za wodini za siku saba, na namba ya simu ya huyo mwelimishaji rika. Kama ataanza kutetemeka sana, kuona visivyokuwepo au kuanguka kabla hakujakucha, msisubiri asubuhi. Ni dharura, mwende usiku huohuo.