Kidoa chekundu kisikudanganye: makosa yangu kwenye picha za Webb

Kuna kipindi nilijitia kiherehere cha kutafuta galaksi za mbali mwenyewe, kwa laptopu na bando la usiku. Wengi hawajui kwamba picha za darubini ya James Webb, ile iliyorushwa 25 Desemba 2021 na sasa iko kama kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, zinawekwa bure kwenye hifadhi inaitwa MAST, yeyote anaingia anashusha. Mi nikakurupuka kushusha picha nzima ya NIRCam, kamera mojawapo ya Webb, gigabaiti kadhaa faili moja, asubuhi bando limekata na faili halijafika hata nusu. Wewe anza na zile picha ndogo za kuchungulia, ukishajua unataka eneo gani ndo ushushe, alafu fungua na DS9, programu ya kuangalia picha za anga, ni ya bure.

Kosa la pili ndo lilinitia aibu. Niliona kidoa chekundu nikatupia kwenye grupu la washkaji, jamani nimepata galaksi ya mwanzo wa ulimwengu! Kumbe rangi zile watu wanazipaka baadae, Webb inapiga infraredi ambayo jicho halioni, na chekundu inaweza kuwa galaksi ya karibu tu iliyojaa vumbi, si umeshaona jua likichungulia kwenye moshi linavyoiva?

Sasa hivi wekundu siuangalii kabisa, naangalia kitu kinapotelea wapi. Kila picha inapigwa kupitia filta inayopitisha mawimbi fulani tu, na zile namba za filta ni urefu wa wimbi, F277W ni maikroni 2.77, kwahiyo anzia hapo urudi chini F200W, F150W, F115W, moja moja. Galaksi ya mbali kweli inazimika ghafla kama taa ya luku imeisha, sababu mwanga wa mawimbi mafupi umemezwa na haidrojeni njiani. Ya vumbi yenyewe inafifia taratibu.

Na hata ikizimika tulia kwanza. Galaksi moja, CEERS-93316, ilikadiriwa kuwa redshifti kama 16 (namba ya mwanga ulivyovutwa njiani, ikiwa kubwa galaksi iko mbali zaidi), wataalamu hao, kuja kupimwa spektra, yani mwanga wake kutawanywa wimbi moja moja, ikatoka 4.9 tu. Nyingine, JADES-GS-z14-0, ndo ilisimama, spektra ya 2024 iliipa 14.32, yani mwanga wa chini ya miaka milioni 300 tangu Mlipuko Mkuu.

Kidoa changu nilikirudia wiki iliyofuata. F115W kipo, F090W kipo, hafifu ila kipo. Ile meseji sikuifuta, mpaka leo kwenye grupu wananiita Profesa.