Mtalaka wake amerudi mjini: kwa nini wasomaji hawakuamini?

SWALI: Assalamu alaykum, Mwalimu. Mimi ni msomaji wenu wa Langoni, Lamu. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisoma riwaya za Kimarekani za mapenzi ya mji mdogo, zile ambazo wapendanao walioachana hukutana tena na kurudiana, na sasa ninaandika yangu kwa Kiswahili. Mhusika wangu aliolewa akiwa na miaka 19. Mumewe alikwenda kufanya kazi Mombasa, barua aliyomwandikia mkewe ikapotea, na kwa hasira ya kutojibiwa akamwacha kwa talaka moja. Baada ya miaka tisa mume anarudi, wanakutana ghafla gatini, na katika sura ya mwisho anamvisha pete. Shoga zangu wawili waliosoma mswada wanasema hawakuiamini. Je, hadithi ya namna hii haiwezekani kwetu, au kosa ni langu?

JIBU: Wa alaykum salaam, binti yangu. Hadithi hii inawezekana kwetu, na kwa maoni yangu Lamu inaifaa kuliko miji uliyoisoma, lakini umeichukua pamoja na viungo vya kwao ambavyo huku havishikani.

Tuanze na barua. Katika mji ambao nyumba zimekaribiana hata nyingine zikaunganishwa kwa wikio juu ya njia, na ambao mtu hutoka Langoni akafika Mkomani kwa mwendo wa dakika chache, barua iliyopotea haiwezi kuwatenganisha mke na mume kwa miaka tisa, kwa sababu shangazi mmoja angekwisha kuuliza, mama mkwe angekwisha kujibu, na jambo lingejulikana kabla ya mwezi kuandama. Hata kama msomaji angelikubali hilo, bado kuna upungufu mkubwa zaidi: barua ikipotea hakuna aliyekosa, na pasipo kosa hakuna la kusamehe wala la kubadilika. Mpe huyo mume kosa lake mwenyewe. Labda alikuwa kijana aliyemwachia mama yake amuamulie, akaituma talaka kwa mkono wa ndugu yake kwa kuwa hakuweza kumtazama mkewe usoni. Hapo miaka tisa itakuwa na kazi ya kufanya, na sisi tutakuwa na la kumpima nalo atakaporudi.

Kukutana ghafla gatini nako sikukuamini. Mtu arudiye Lamu, awe amevuka kwa boti kutoka Mokowe au ameshuka kwa ndege Manda na kuvuka kutoka huko, hushukia mbele ya mabaraza yaliyojaa watu wanaomjua yeye na babake, na habari zake humtangulia nyumbani. Mtalaka wake angesikia kabla ya alasiri. Huu si udhaifu wa hadithi yako, bali ndio utajiri wake: mwanamke anajua kwamba amerudi, naye mume anajua kwamba mwanamke anajua, na kwa siku kadhaa kila mmoja anachagua njia ambayo mwenzake hapiti, huku mji mzima ukiwatazama na kunyamaza kwa adabu. Ukitaka wakutane, una punda. Njia zetu ni nyembamba kiasi kwamba punda mwenye shehena akipita, waendao kwa miguu hujibanza kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, la nyumba iliyo karibu, na wawili hao wakijibanza katika daka moja hawatakuwa na pa kukimbilia mpaka punda apite.

Sasa pete, ambalo ndilo lililonisikitisha zaidi, kwani hapo umekiacha kitu bora ulichokuwa nacho mkononi. Umesema talaka ilikuwa moja. Ndani ya eda, yaani muda wa mke kungoja baada ya talaka, mume angeweza kumrejea mkewe bila ndoa mpya, lakini eda imekwisha zamani, kwa hiyo hapana budi ndoa ifungwe upya, kwa mahari mapya na kwa idhini yake. Na katika fikihi ya Kishafii, inayofuatwa na wengi wa Waislamu wa pwani yetu, kimya cha mwari huhesabiwa kuwa ni idhini, ilhali mwanamke aliyekwisha kuolewa lazima aitamke kwa kinywa chake. Ufikirie uzito wa jambo hilo kwa mhusika wako. Akiwa na miaka 19 aliulizwa, akainamisha kichwa, na kimya chake kikawa jibu. Leo ana miaka 28 na zaidi, na hakuna awezaye kulisema neno hilo kwa niaba yake, si babake, si mume, wala si mji uliokwisha kuamua kwamba wanafaana. Hayo mahari nayo ayataje mwenyewe, tuone anadai nini safari hii.

Kuhusu sura za kurudi nyuma, ulizonazo ni nyingi mno. Mbili zinatosha, na moja ya hizo iwe ya usiku wa ndoa ya kwanza.

Sura ya mwisho, binti yangu, nakuomba uiandike upya kuanzia mwanzo wake. Mketishe mwanamke wako ndani, mlango umerudishwa nusu, sheikhe akiuliza kutoka upande wa pili na wanawake wa nyumba wamenyamaza kumsikiliza, wala usiliandike jibu lake mpaka wewe mwenyewe uwe umelijua.