Amplifaya ya mseto: usianze na vali, anza na pale inapomkabidhi mosfeti mzigo

Mkuu, umesema unataka kusanifu amplifaya ya mseto ya hadhi ya juu, wati 50 kwenye spika ya omu 8, vali (taa ya kioo inayokuza mawimbi) mbele na mosfeti (transista ya nguvu) nyuma, na swali lako ni moja: kati ya vali za ECC88 na 6SN7, ipi ina sauti tamu? Swali hilo naomba tuliweke kiporo. Mimi nilianza nalo hilohilo, nikanunua vali za kila aina, na amplifaya yangu ya kwanza bado ikatoa sauti kama spika imefunikwa blanketi. Tatizo halikuwa vali. Lilikuwa pale vali inapomkabidhi mosfeti kazi.

Tupige hesabu kwanza. Wati 50 kwenye omu 8 ni volti 20 za wastani wa RMS, yaani kilele cha volti 28 na mkondo wa kilele wa ampea 3.5. Ampea hizo vali ndogo haiwezi kuzitoa hata ukiipigia magoti. Volti inazo tele. Kwa hiyo vali inabeba volti zote na mosfeti inabeba mkondo peke yake. Mosfeti haikuzi volti hata kidogo, inafuata tu kile geti lake (mguu wa kuingizia) linachoambiwa. Chanzo chako cha muziki kikitoa volti 2, vali inatakiwa kukuza mara 10.

Nilitumia nusu ya 6SN7 (chupa moja ina vali mbili ndani): volti 300 juu, rezista ya anodi (mguu wa kutolea) kiloomu 47, rezista ya kathodi (mguu unaotoa elektroni) kiloomu 1.5 bila kapasita sambamba nayo. Anodi ikatulia karibu volti 150 na ukuzaji ukawa 10 na ushee. Kwenye karatasi mambo safi. Nikaweka kapasita ya polipropilini, nikaenda moja kwa moja kwenye mageti ya mosfeti za IRFP240 na IRFP9240, jozi moja kila upande wa stereo. Ikaimba. Besi nzuri, sauti za waimbaji nzuri, lakini matoazi yamekufa.

Nikabadilisha vali. Nikabadilisha kapasita. Nikabadilisha vali tena. (Ndiyo, hata nyaya za spika nilibadilisha, msinicheke.) Mpaka siku nilipoazima osiloskopu, nikaingiza wimbi mraba la kilohezi 10, nikaona kona zote zimeviringika kama jiwe la mtoni.

Sababu ni hii. Hatua ya vali niliyoieleza, kwa kuwa kathodi haina kapasita, ina impidansi ya kutolea (ukinzani ambao hatua inayofuata inauona) ya takriban kiloomu 22. Geti la mosfeti halili mkondo wa moja kwa moja, na hapo ndipo wengi tunadanganyika tukadhani ni mzigo mwepesi. Geti ni kapasita. Sehemu kubwa ya kapasitansi yake, ile ya kati ya geti na sosi (mguu unaolisha spika), inapungua sana kwa sababu sosi inatembea pamoja na geti. Inayobaki ni ya kati ya geti na dreni (mguu ulioungwa kwenye umeme wa kulisha), na hiyo haikwepeki. Ukijumlisha mosfeti zote mbili unapata karibu pikofaradi 300. Sasa chukua kiloomu 22 na pikofaradi 300: unapoteza desibeli 3 kwenye kilohezi 24, na kwenye kilohezi 20 zimeshaondoka zaidi ya desibeli 2. Ukiweka jozi mbili za mosfeti ili upate nguvu zaidi, hali inakuwa mbaya maradufu. Hakuna vali ya bei mbaya itakayokuokoa hapo.

Dawa ilikuwa ndani ya chupa ileile. Nusu ya pili ya 6SN7 niliigeuza kuwa kathodi foloa (haikuzi volti, kathodi inafuata tu gridi), gridi yake (mguu wa kuingizia) imeungwa moja kwa moja kwenye anodi ya nusu ya kwanza, rezista ya kathodi kiloomu 22. Impidansi ikashuka hadi karibu omu 500, na kikomo cha juu cha kiungo kikaruka kupita megahezi 1. Wimbi mraba likanyooka. Matoazi yakafufuka siku hiyohiyo, na vali ni ileile niliyokuwa nimeitupia lawama.

Ila kathodi foloa ina adabu zake. Kathodi yake inakaa kwenye volti 150 na zaidi kutoka ardhini, na hita (waya unaopasha kathodi moto) ikiwa kwenye sifuri, tofauti hiyo yote inabebwa na kizio chembamba kilichoko kati ya hita na kathodi. Kila vali ina kikomo chake, kisome kwenye karatasi ya data ya vali uliyonayo mkononi, usikisie. Mimi niliinua saketi nzima ya hita hadi volti 70 kwa rezista mbili na kapasita, na muungurumo nao ukapungua. Jambo la pili: ukiwasha, kabla vali hazijapata moto, gridi ya foloa inaona volti 300 zote wakati kathodi iko sifuri. Weka dayodi kati ya gridi na kathodi ili visitengane kiasi hicho.

Kapasita ya kuunganisha: mikrofaradi 0.47 na rezista ya geti kiloomu 100 inakupa kikomo cha chini cha hezi 3.4. Inatosha. Watu wanaoweka mikrofaradi 10 wanajitafutia kishindo kirefu wakati wa kuwasha.

Na kishindo kipo tu, hata ufanye nini. Ukiwasha, kathodi ya foloa inapanda kutoka sifuri hadi volti 150, na kapasita inapitisha mtikisiko huo wote kwenda kwenye geti, ambalo linavumilia volti 20 tu kati yake na sosi. Zena (dayodi za kuzuia volti zisizidi) za volti 12 zielekeane, kati ya geti na sosi, kwa kila mosfeti. Kisha relei ya spika yenye kuchelewa sekunde 45 hivi, na iwe na ulinzi wa volti za moja kwa moja, maana mosfeti ikifa huwa inafunga njia na kupeleka volti zote za reli (umeme wa kulisha) kwenye spika. Na kila geti liwe na rezista ya omu 220 iliyolehemiwa mguuni kabisa. Mimi yangu niliiweka sentimita 5 mbali, mosfeti zikaanza kutoa mawimbi zenyewe kama redio.

Joto sasa. Ukitaka daraja A tupu (mosfeti zote mbili zinapitisha mkondo muda wote) kwa wati 50, unahitaji bayasi (mkondo wa kudumu) ya ampea 1.77. Kwenye reli za volti 35 juu na 35 chini, hiyo ni wati 124 za joto kila upande hata muziki ukiwa kimya. Mimi niliishia ampea 1, joto wati 70, na wati 16 za mwanzo ziko ndani ya daraja A, ambazo ndizo ninazosikiliza karibu muda wote. Mosfeti za aina hii zikipata joto kwenye mkondo huo zinavuta mkondo zaidi, kwa hiyo transista ya bayasi ifungwe kwa skrubu kwenye bati la kupozea, bega kwa bega na mosfeti. Wenye mosfeti za 2SK1058 na 2SJ162 wako salama zaidi, kwa kuwa zenyewe zikipita karibu miliampea 100 zinajipunguza.

Volti 300 hazitaniwi. Rezista ya kiloomu 220, wati 2, sambamba na kapasita ya mikrofaradi 100, inachukua kama sekunde 40 kushusha volti chini ya 50 baada ya kuzima. Hata hivyo pima kwa multimita kabla hujaingiza kidole, mkono mmoja mfukoni.

Haya, kiporo chako. Sijaweka mrejesho wa jumla (kurudisha sehemu ya kinachotoka ili kusahihisha kinachoingia), na nilipopima impidansi ya kutolea nikapata omu 0.4, kwa hiyo spika haiyumbi kama kwenye amplifaya ya vali tupu yenye transfoma ya kutolea. Utamu unaobaki ni hamoniki ya pili ya vali (mlio wa ziada wenye masafa mara mbili), na hiyo inategemea zaidi mkondo na mzigo unaoipa kuliko jina lililoandikwa kwenye kioo. Kwa kilele cha volti 28 ningechukua 6SN7, inanyooka vizuri kwenye mwendo mrefu. ECC88 ni nzuri pia, ila ipe anodi volti 90 hadi 100. Ukimaliza mchoro, ubandike hapa pamoja na volti ulizopanga kwenye kila anodi na kathodi, tuupitie kabla hujashika pasi ya kulehemu.