Ukoo wa Cole: kutoka Florence Court hadi Elmenteita

Mwezi uliopita niliandika juu ya kaburi la Galbraith Cole, mlowezi aliyefariki mwaka 1929 na kuzikwa mahali panapotazama Ziwa Elmenteita. Nilidokeza kwa sentensi moja tu kwamba alitoka katika ukoo wa makabaila wa Ireland. Sentensi hiyo moja imeleta barua nyingi kuliko makala yote, kwa hiyo leo nafasi hii ni yenu.

Huku kwetu Kikopey wazee husema Cole alikuwa Mwingereza. Wewe umeandika Mwairishi. Tushike lipi? (Msomaji, Gilgil)

Wazee hawajakosea, ila habari haiishii hapo. Hadi mwanzoni mwa karne ya 17, Ulster, yaani kaskazini mwa Ireland, ilikuwa mikononi mwa machifu wa Kiairishi. Fermanagh, nchi ya maziwa na visiwa, ilikuwa ya akina Maguire, na ngome yao ilikuwa Enniskillen. Mwaka 1607 machifu wakubwa wa Ulster walipanda meli wakakimbilia bara la Ulaya. Serikali ya Mfalme James I ikaichukua ardhi yao, ikaanza kuwagawia walowezi kutoka Uingereza na Uskoti. Mmoja wa walionufaika alikuwa Kapteni William Cole, askari ambaye asili yake ni Devon. Alipewa ngome ya akina Maguire pamoja na kazi ya kujenga mji kando yake. Mji huo ndio Enniskillen ya leo.

Galbraith alizaliwa mwaka 1881. Kufikia hapo ukoo wake ulikuwa umekaa Ireland kwa zaidi ya miaka 260, ukiwa wa dhehebu la Kiprotestanti, ukipeleka vijana wake katika jeshi la Uingereza na wabunge wake London. Wenyewe walijiita Waairishi. Majirani zao Wakatoliki, ambao mababu zao ndio waliopokonywa, hawakukubali jambo hilo kirahisi. Kwa hiyo neno "mlowezi" lilimhusu babu karne tatu kabla ya kumhusu mjukuu.

Jumba lao linaitwa Florence Court. Florence ni nani, na jumba lenyewe likoje? (Msomaji, Tanga)

Florence Bourchier Wrey alikuwa mke wa John Cole, kabaila aliyefariki mwaka 1726. Bibi huyu alitoka kusini magharibi mwa Uingereza, na mumewe alipatia makao yao mapya jina lake. Jumba tunaloliona leo ni la baadaye kidogo. Sehemu ya kati ilijengwa na mtoto wao, naye pia John, katikati ya karne ya 18. Mwaka 1760 alipewa ulodi, akachagua kuitwa Lodi Mountflorence, kwa hiyo jina la mama likaingia hadi kwenye cheo. Mjukuu, William Willoughby Cole, ndiye aliyeongeza mabawa mawili ya pembeni yenye matao, na mwaka 1789 akapandishwa kuwa Lodi Enniskillen wa Kwanza.

Liko kilomita kama 13 kutoka mjini Enniskillen, likiwa na mlima Cuilcagh nyuma yake. Fahari yake kubwa ni plasta. Dari na kuta zimepambwa kwa nakshi za majani, ndege na mawingu, kazi inayohusishwa na fundi Robert West wa Dublin. Mimi huvutiwa zaidi na yale mabawa. Mgeni akifika mbele huona jumba refu sana, kumbe familia iliishi sehemu ya kati, na kule pembeni na chini ndiko kulikokuwa na majiko, stoo na watumishi. Nje kulikuwa na kiwanda cha mbao kilichoendeshwa kwa nguvu ya maji, nyumba ya kuhifadhia barafu, na bustani iliyozungushiwa ukuta. Vyote hivyo vililipwa kwa kodi ya wakulima.

Hao wakulima walikuwa kama maskwota wetu wa Bonde la Ufa? (Msomaji, Nakuru)

Swali hili limenikaa moyoni wiki nzima, kwa sababu jibu lake ni ndiyo na hapana, na pale penye tofauti ndipo penye somo.

Katika karne ya 19 milki ya akina Cole huko Fermanagh ilifikia karibu ekari 30,000. Kabaila hakuilima. Aliigawa vipande na kuwakodisha wakulima, mara nyingi vipande vya ekari chache tu, nao wakamlipa fedha taslimu, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka. Wakala wake ndiye aliyeshika daftari. Nyumba, zizi na mtaro wa kuondoa maji alijenga mkulima mwenyewe, kwa mikono yake. Kisheria lakini mali hiyo yote ilikuwa ya kabaila, na mkulima aliyeshindwa kulipa aliweza kufurushwa. Katika Ulster palikuwa na desturi iliyompa afueni: mkulima anayeondoka aliruhusiwa kumuuzia anayeingia haki yake ya kukaa, akaambulia chochote. Sehemu nyingine nyingi za Ireland hawakuwa na kinga hiyo.

Skwota wa Kenya hakukodi kwa fedha. Alilipa kwa jasho. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka afanye kazi kwa mlowezi si chini ya siku 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kukaa na familia yake na mifugo yake. Hakuwa na daftari la kodi la kumtetea, wala haki ya kumuuzia mwenzake. Ukiniuliza nani alikuwa katika hali mbaya zaidi katika miaka ya kawaida, nitasema skwota.

Lakini miaka ya kawaida ilikatika mwaka 1845. Ugonjwa wa viazi uliingia Ireland, viazi vikaoza ardhini, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini asubuhi, mchana na jioni. Nafaka na ng'ombe viliendelea kusafirishwa kwenda kuuzwa Uingereza ili kodi ilipwe. Sensa ya mwaka 1841 ilihesabu watu takriban 156,000 katika Fermanagh; ile ya mwaka 1851 ikakuta takriban 116,000. Watu 40,000 hawakuwepo tena katika jimbo moja dogo, ama wamekufa kwa njaa na homa, ama wamepanda meli. Kila nikizitazama picha za dari za Florence Court, hesabu hiyo huja akilini, wala sioni sababu ya kuifukuza.

Ardhi iliwatokaje makabaila, na kwa nini watoto wao walikuja kwetu? (Wasomaji watatu: Naivasha, Arusha na Muscat)

Iliwatoka kwa sheria, baada ya miaka mingi ya migomo ya kodi na mapambano ya wakulima. Mwaka 1881 sheria iliwapa wakulima haki ya kwenda mahakamani kupangiwa kodi ya haki. Bei za mazao zilikuwa zimeanguka, kodi ikashushwa, na ukabaila ukaacha kuleta faida. Kisha ikaja sheria kubwa ya mwaka 1903. Serikali ilimlipa kabaila fedha taslimu, ikamwongezea bakshishi ya asilimia 12 ili akubali kuuza. Mkulima akaichukua ardhi yake na kuirejeshea serikali mkopo kidogo kidogo kwa miaka 68 na nusu, kwa malipo ambayo kwa kawaida yalikuwa chini ya kodi aliyoizoea. Kabaila alibaki na jumba na mashamba ya kulizunguka. Huko Ireland ya Kaskazini, sheria ya mwaka 1925 ilimalizia yaliyosalia, safari hii kwa lazima.

Ongeza na desturi ya urithi. Jumba, cheo na ardhi vilikwenda kwa mtoto wa kiume wa kwanza. Wadogo zake waliingia jeshini, kanisani, au makoloni. Galbraith Lowry Cole wa zamani, mtoto wa pili wa Lodi wa Kwanza, alikuwa jenerali katika vita dhidi ya Napoleon, akawa gavana wa Mauritius na kisha wa Koloni la Cape. Sanamu yake imesimama juu ya mnara pale Enniskillen. Galbraith wetu ni wa jina lake.

Lodi Enniskillen wa Nne alikuwa na watoto wanne wanaotuhusu. John alirithi. Florence, aliyebeba jina la bibi wa zamani, aliolewa mwaka 1899 na Lodi Delamere, mlowezi mashuhuri wa Kenya, akamfuata hadi Njoro, akaishi kwenye nyumba ya udongo na nyasi, na akafariki mwaka 1914. Kaka zake wawili wadogo, Galbraith na Berkeley, walimfuata shemeji. Berkeley alikaa upande wa Naro Moru chini ya Mlima Kenya. Galbraith alichukua ardhi ya kondoo pale Elmenteita, akaiita Kekopey kwa jina la Kimaasai la mahali hapo. Abiria wanaosimama leo kula nyama choma Kikopey wanalitamka jina hilohilo.

Sasa zitazameni tarehe. Sheria ya kuwapa wakulima wa Ireland ardhi yao ni ya mwaka 1903. Mkataba uliowahamisha Wamaasai kutoka Naivasha, Nakuru na Elmenteita, ili nafasi iwe ya walowezi, ni wa mwaka 1904. Waziri Mkuu wa Uingereza alikuwa yuleyule, Arthur Balfour. Serikali ile ile iliyokubali kwamba aliyelima ndiye anayestahili kumiliki, ilikuwa ikianzisha mahali pengine milki za aina ile ile iliyokuwa ikizivunja. Na mwaka 1917 Galbraith alimwoa Lady Eleanor Balfour, mpwa wa Arthur. Baba wa bibi huyu, Gerald Balfour, alikuwa waziri wa mambo ya Ireland tangu 1895 hadi 1900, na mwaka 1896 alipitisha mojawapo ya sheria hizo za kuwauzia wakulima. Sidai kwamba watu hawa walikaa mezani wakapanga. Nasema waliijua historia ya kodi na kufurushwa kuliko walowezi wengine wote, na bado walikubali kuianzisha upya.

Ni kweli Galbraith aliua mtu akaachiwa? (Msomaji, Elmenteita)

Ni kweli. Mwaka 1911 alimpiga risasi Mwafrika aliyemtuhumu kuiba kondoo, na mtu huyo akafa. Baraza la wazee wa mahakama lilikuwa la walowezi wenzake, na likamwachia huru ingawa hakukana kufyatua. Wizara ya Makoloni huko London ilikasirika, na gavana akaamriwa kumfukuza nchini. Hakukaa uhamishoni muda mrefu. Baadhi ya waandishi husimulia kisa hiki kama ushujaa wa mtu mwenye msimamo. Mimi siwezi. Kondoo ana bei, na mtu aliyekufa alikuwa na mama.

Jumba bado lipo? Nani analikaa? (Msomaji, Nairobi)

Lipo. Kati ya mwaka 1920 na 1923, wakati wa vita vya uhuru na vita vya wenyewe kwa wenyewe, mamia ya majumba ya namna hii yalichomwa huko Ireland. Florence Court liko upande uliobaki chini ya Uingereza, likapona. Lililoshindikana ni gharama za kuliendesha bila kodi. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 familia ililikabidhi kwa National Trust, shirika la kuhifadhi turathi, huku ikiendelea kuishi humo.

Machi 1955 moto ukazuka ghorofani. Maji ya zimamoto yakajaa juu ya dari ya chumba cha kulia, ikawa karibu kuanguka, hadi mafundi wa hapo walipotoboa matundu ili maji yapite. Dari hiyo ikaokoka. Nyingine zilitengenezwa upya, na baadhi ya vyumba vya juu viliachwa bila nakshi zake.

Lodi wa Tano, kaka yake Galbraith, alifariki mwaka 1963 baada ya kufiwa na mwanawe wa pekee. Cheo kikavuka bahari. Lodi wa Sita alikuwa David Lowry Cole, mtoto wa Galbraith, aliyekulia Kenya na aliyekuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Alikwenda kuishi katika jumba la babu zake wakati Kenya inapata uhuru, na serikali mpya inanunua mashamba ya walowezi kwa mikopo na kuwagawia wananchi. Miaka kumi baadaye akalihama na kwenda Uskoti. Leo jumba hufunguliwa kwa wageni, na msitu unaolizunguka ni hifadhi ya umma.

Nimesoma kwamba kuna mti maarufu pale. Ni upi? (Mwanafunzi, Morogoro)

Ni mti wa kijani mwaka mzima, wa kundi la misonobari na miseda, uitwao yuu. Yuu wa kawaida hutanua matawi. Katikati ya karne ya 18 mkulima aliyekodi kwa akina Cole, George Willis, alikuta mlimani Cuilcagh miche miwili iliyokua wima kama mshumaa. Mmoja aliupanda bustanini kwake, mwingine akampelekea kabaila wake. Mti huo ni wa kike, na mbegu zake hurudia umbo la kawaida, kwa hiyo njia ya kuupata ni kukata kitawi na kukiotesha. Kila yuu wa Kiairishi unaouona makaburini na bustanini duniani ulianzia kwenye vitawi vya mti wa Florence Court. Ule wa Willis ulikufa mwaka 1865. Ule aliompa kabaila bado umesimama ndani ya msitu, na kuna njia ya miguu ya kuufikia.