Jibu: Kipa wa hoki ya barafu kudaka hadi miaka 46

Kaka wa Jinja, umeuliza kama ni chai kwamba kuna kipa wa hoki ya barafu aliyedaka mpaka miaka 46. Si chai. Ni Dominik Hašek wa Ucheki. Klabu ya Chicago ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, ilimchagua 1983, lakini alivuka kwenda Marekani 1990, akasugua benchi kwanza. Alipohamia Buffalo 1992 ndipo nyota ikang'aa: mchezaji bora wa ligi 1997 na tena 1998. Kipa!

Mimi lakini namkumbuka zaidi kwa Olimpiki ya Nagano 1998. Nusu fainali, penalti tano za Kanada, hakuna hata moja iliyoingia. Fainali Ucheki wakaifunga Urusi 1-0.

Kuhusu umri: kipa hakimbii uwanja mzima, anaishi kwa macho na kusoma mchezo, kama Onyango wetu, kipa wa soka aliyeidakia Cranes, timu ya taifa ya Uganda. Kinachomtesa ni nyonga na magoti, maana muda wote anapiga magoti na kuinuka. Hašek aliiaga NHL 2008, akadaka kwao Pardubice, akamalizia Moscow 2011.

Ila kujifunzia hoki hii hapa Kampala, sahau. Barafu yetu ni ya samaki wa mwalo wa Ggaba.